Kunde, pojo ama mbaazi: ipi ushike ukitaka kuchagua mbegu yako mwenyewe hapa Mombasa

Hii ni ya nyinyi mlio na kishamba Kisauni, Mwakirunge, Likoni ama huko Mtongwe, na mmeamua sasa mtachagua mbegu wenyewe ili mavuno yapande msimu hadi msimu, lakini mmekwama mshike zao gani. Kunde, pojo, mbaazi. Zote tatu zinakubali Pwani, zote zinaliwa kila nyumba mjini, zote zina kromosomu 22 na zote zinajitafutia naitrojeni kwa vile vijidudu vya kwenye mizizi. Ukiziangalia juu juu unaona ni ndugu tu chagua yoyote. Lakini ukifika kwa mambo ya mbegu, yaani sifa gani inatoka kwa mama kwenda kwa mtoto na sifa gani inaishia shambani, hapo kila moja ina njia yake, na mtu akichukua njia ya kunde akaitumia kwa mbaazi atafanya kazi misimu mingi bila kuona kitu.

Kabla sijaingia kwa kila zao wacha niseme tunapimia nini, manake watu wengi wanaruka hapa.

Tofauti ya jeni

Huwezi kuchagua kama hakuna cha kuchagulia. Kuna bwana mmoja wa Denmark, Wilhelm Johannsen, huyu ndo alikuja kutupa neno "jeni" lenyewe mwaka 1909, yaani kile kinachobeba sifa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na mwaka 1903 alitoa kazi yake aliyoifanyia maharagwe. Alichukua maharagwe ya kawaida ya kununua, akayatenganisha kwa mashina akapata koo 19, kila ukoo umetoka kwa punje moja na unajichavusha wenyewe. Akalinganisha koo na koo akaona kweli kuna ukoo wa punje kubwa na ukoo wa punje ndogo, na tofauti hiyo inashuka kwa watoto. Alafu akaingia ndani ya ukoo mmoja, akachagua punje kubwa kabisa na punje ndogo kabisa, akapanda zote. Watoto wakatoka na wastani ule ule. Ile kubwa ilikuwa imekaa pazuri tu kwenye ganda ama shina lake lilipata maji zaidi, jeni zilikuwa sawa.

Mie naona hiki ndo kitu cha kwanza kila mkulima mdogo anafaa akijue. Ukinunua pakiti ya mbegu iliyothibitishwa kwa agroveti, ya aina moja safi, ukapanda, alafu ukakaa unachagua mashina yaliyonenepa, unachagua udongo. Mbegu ya msimu ujao itakuwa ile ile. Ukitaka kuchagua kwa faida lazima uanze na mchanganyiko: mbegu za wazee, mbegu za sehemu tofauti tofauti, ama watoto wa mashina mawili tofauti yaliyozalishwa pamoja.

Urithikaji

Hapa kuna hesabu kidogo lakini ni rahisi. Chukua tofauti yote unayoiona kwa macho shambani, uliza ni sehemu gani inatokana na jeni na sehemu gani inatokana na udongo, maji, wadudu, kivuli cha mnazi. Ile sehemu ya jeni ndo urithikaji. Wataalamu wa mazao wana mipaka inayotumika sana, ya Robinson na wenzake tangu 1949: chini ya asilimia 30 ni mdogo, 30 hadi 60 ni wa kati, zaidi ya 60 ni mkubwa.

Inakusaidia vipi? Tuseme, huu ni mfano wa kupigia hesabu tu, shamba lako lina wastani wa maganda 20 kwa shina na wewe umechagua mashina yenye wastani wa 40. Umezidi kwa 20. Kama urithikaji wa idadi ya maganda hapo kwako ni 0.3 basi watoto watapanda kwa 20 mara 0.3, yaani 6, utapata 26. Sio 40. Sasa chukua uzito wa punje 100, wastani gramu 12, uliochagua ni gramu 15, urithikaji ni 0.8, utapanda kwa 2.4, yaani gramu 14.4, karibu yote uliyoitaka umeipata. Ndo manake mtu anachagua shina lililojaa maganda msimu ujao anavunjika moyo, na mwenzake aliyechagua punje kubwa anaona matunda mapema.

Na hiyo namba haikai kwa zao kama jina. Ni ya shamba fulani, mbegu fulani, msimu fulani. Ukipanda pahali udongo ni sawa kote, urithikaji unapanda kwa sababu vurugu ya mazingira imepungua. Ukipanda nusu kwenye kivuli nusu juani unashuka. Pia usiuangalie peke yake, kwa sababu sifa inaweza kurithika sana lakini tofauti yenyewe ni ndogo hivi kwamba hata ukichagua hupati hatua ya maana. Unataka vyote viwili, kurithika na tofauti kubwa. Ukiona ripoti ya utafiti imeandika GCV na PCV, hizo ndo tofauti ya jeni na tofauti ya macho kwa asilimia ya wastani, na zikiwa mbali sana moja na nyengine jua mazingira yanaingilia sana.

Kwa ujumla kwa jamii hii ya kunde na maharagwe mpangilio huwa unafanana: uzito wa punje na siku za kutoa maua zinarithika vizuri, idadi ya maganda kwa shina ina tofauti kubwa lakini inayumba na mazingira, punje kwa kila ganda haina tofauti ya kutosha mara nyingi, na mavuno yenyewe kwa shina ndo mara nyingi ya mwisho kwa kurithika kwa sababu yanakusanya mambo yote.

Vipimo vilivyobaki ni vitatu: zao linajichavusha ama linachavushwa na nyuki, linachukua muda gani ili upate kizazi kingine, na joto letu la Mombasa pamoja na soko vinasemaje. Hivyo nitavitaja kwa kila moja.

Kunde

Tofauti iko, na iko karibu. Kunde ni za Afrika hii hii, na kule Ibadan Nigeria kituo cha utafiti wa kilimo cha IITA kimehifadhi zaidi ya sampuli 15,000 za kunde. Hata bila kwenda mbali, mbegu za wazee wa Kilifi na Kwale ukizimwaga kwenye ungo unaona nyekundu, nyeupe za jicho jeusi, za madoa, za kahawia, na ukizipanda kuna zinazotambaa na zinazosimama, zinazowahi na zinazochelewa. Magunia ya soko la Kongowea pia yana mchanganyiko, hiyo ni njia ya bei nafuu ya kuanzia. Ukitaka aina safi za kulinganishia kuna K80 na M66, zote mbili ni za majani na punje.

Kurithika: uzito wa punje 100 na urefu wa ganda ni sifa nzuri za kushika. Pata mizani ndogo kama ya sonara inayosoma gramu na nukta, hesabu punje 100, pima, andika kwa kila shina. Siku za maua pia. Idadi ya maganda ichague lakini usiitegemee kwa shina moja moja, nitaeleza njia chini.

Uchavushaji: kunde zinajichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa. Ukiamka mapema ukaenda shambani alfajiri utaona ua la kunde linafunguka, na kabla ya adhuhuri limeshajifunga, na hata linapofunguka chavua ilikuwa imeshamwagika ndani. Kwa hivyo shina ulilochagua leo watoto wake watafanana nalo sana. Ukitaka kuchanganya mashina mawili kwa makusudi unaliwahi ua jioni likiwa bado limefumba, unatoa vifuko vya chavua polepole kwa koleo, asubuhi unaleta chavua ya baba. Mengi yatapukutika, usijali, ganda moja likishika lina mbegu za kutosha kuanzia. Baada ya hapo kila kizazi kinachojichavusha kinapunguza nusu ya ule mchanganyiko wa ndani ya shina: kizazi cha pili asilimia 50, cha tatu 25, cha nne 12.5, na ukifika cha sita umebaki na kama 3, yaani ukoo umetulia.

Muda ni kama miezi mitatu hivi, kwa hivyo masika na vuli unaweza kupata vizazi viwili kwa mwaka kama una maji ya kusaidia. Joto halina shida nalo sana. Shida ni wadudu: vidukari, funza wa maganda, alafu ghalani wale wanaotoboa punje.

Kitu kimoja cha kwetu lazima nikitilie mkazo. Sisi tunakula majani ya kunde. Mama akipita anachuma hapa anaruka pale, na mashina yaliyochumwa yanazaa maganda machache. Mwisho wa msimu wewe unahesabu maganda unadhani umeona jeni kumbe umeona mkono wa mchumaji. Ama usichume kabisa kwenye kipande cha mbegu, ama uchume yote kwa usawa siku moja. Kama unataka kunde za majani hasa, basi pima majani, na kubali kwamba za majani mengi na za punje nyingi mara nyingi si shina moja.

Inamfaa anayeanza, mwenye nafasi ndogo, na nyumba inayokula mboga na punje zote mbili.

Pojo

Tofauti hapa ni ndogo zaidi. Pojo asili yake ni India na aina zinazolimwa zimetoka kwa msingi mwembamba wa jeni, na nyingi zinazozunguka Kenya ni zile zile. N26 ambayo watu huita nailoni, KS20, na hizi za karibuni za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya: Biashara, Karembo na Ndengu Tosha. Ukichukua moja peke yake ukaichagua ndani kwa ndani, rudi kwa Johannsen, hutapata kitu. Faida inakuja ukipanda aina kadhaa upande kwa upande uone ipi inakubali mchanga wako, ama uzichanganye kwa mkono, kazi ambayo kwa ua dogo la pojo inataka jicho na subira kuliko kunde. Mbegu kutoka nje ya nchi usibebe kiholela, lakini ujue hazina kubwa ya pojo iko kwa World Vegetable Center kule Taiwan na aina nyingi za kisasa za punje kubwa zinazoiva pamoja zina damu ya huko.

Kurithika: ukubwa wa punje unarithika vizuri sana. Idadi ya vishada na maganda kwa shina ndo inayobeba mavuno lakini inayumba. Mie kwa pojo ningeangalia sana kuiva kwa pamoja, kwa sababu mateso ya pojo ni kwamba maganda meusi na mabichi yako kwenye shina moja, unavuna mara mbili mara tatu, na yale yaliyokauka yakipigwa jua yanapasuka yanamwaga punje chini. Shina ambalo kwa siku ile ile maganda yake mengi yameshakauka na hayajapasuka, lifunge kitambaa.

Uchavushaji ni wa kujichavusha karibu wote, hata zaidi ya kunde, kwa hivyo kuweka ukoo safi ni rahisi, mita chache tu kati ya aina na aina zinatosha kwa matumizi ya nyumbani. Muda ni mfupi kuliko zote, miezi miwili hadi mitatu, na hiyo inakupa nafasi ya kurudia haraka. Joto linakubali, mvua nyingi wakati wa kuiva haitaki. Soko ni zuri, pojo la nazi halikosi mlaji Mombasa.

Inamfaa anayetaka pesa ya haraka na aina iliyo sawa sawa, na ambaye haoni shida kununua mbegu mpya kila baada ya misimu kadhaa.

Mbaazi

Hili ndo zao la moyo wetu, mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, lakini kwa mchaguaji wa mbegu ni gumu kuliko mengine na nitakaa nalo kidogo.

Tofauti unayoiona kwa macho ni kubwa sana. Urefu, matawi, rangi ya ua ya manjano tupu ama yenye mistari myekundu, rangi na ukubwa wa punje, muda wa kuiva kuanzia miezi minne hivi hadi miezi tisa. ICRISAT, kituo cha utafiti wa mazao kule Patancheru, India, wamehifadhi zaidi ya sampuli 13,000, na Afrika Mashariki inahesabiwa kuwa kitovu cha pili cha tofauti za zao hili. Wanaosoma jeni moja kwa moja, tangu jenomu yake, yaani ramani ya jeni zake zote, ichapishwe, wamekuta mbaazi zinazolimwa ni nyembamba zikilinganishwa na ndugu zake wa porini, lakini kwa mkulima tofauti ya shambani inatosha kabisa kufanya kazi.

Kurithika: ukubwa wa punje na siku za maua tena ziko juu. Idadi ya maganda kwa shina ndo inavuta mavuno, na tofauti yake ni pana, lakini mti wa mbaazi ni mkubwa, unakula nafasi, shina la pembeni ya shamba linaweza kuzaa mara dufu ya la katikati kwa sababu tu lina hewa na mwanga. Mashina ya pembeni usiyachague kamwe.

Uchavushaji ndo penye kazi. Simama karibu na mbaazi iliyochanua saa tatu asubuhi utaona nyuki wa asali na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, wanafungua ua kwa uzito wao wanatoka wamejaa chavua. Sehemu ya mbegu inayochanganyika inategemea pahali na nyuki, lakini mara nyingi inatajwa kama mbegu moja kati ya tano na inaweza kupita hapo sana. Maana yake: mama umemchagua, baba humjui. Ile sehemu iliyochavushwa na jirani inabeba nusu tu ya ubora ulioupenda, nusu nyengine ni ya mti wowote ulio karibu. Ndo manake aina nzuri ya mbaazi inachakaa haraka ikiachwa hivi hivi kwenye kijiji chenye mbaazi kila ua. Dawa ni kufunika matawi machache kwa kitambaa cha chandarua kabla maua hayajafunguka, yanajichavusha yenyewe humo ndani, mbegu ya humo pekee ndo ya kupanda.

Kuchanganyika huko huko wenzetu wamekugeuza faida. India walitoa chotara la biashara la mbaazi, ICPH 2671, mwaka 2010, kwa kutumia koo za mama zisizotoa chavua na nyuki wakafanya kazi ya kubeba. Lakini mbegu ya chotara haihifadhiwi, ukipanda watoto wake wanatawanyika kila sura.

Joto: hapa wengi wa Mombasa wanaumia. Mbaazi za muda mrefu zimezoea baridi wakati wa kutunga maua, zinapenda nyuzi karibu 18, na sisi hapa hata usiku ni zaidi ya hapo. Zinarefuka, zinaota matawi, maua hayaji kwa wakati. Mbegu nzuri ya shangazi wa Machakos ikikataa kwako sio uchawi wala mbolea. Tafuta za muda mfupi ama wa kati kama KAT 60/8, ama bora zaidi mbegu ambayo imekaa Pwani vizazi na vizazi. Kituo cha KALRO pale Mtwapa si mbali, waulize. Na kama una mnyauko shambani, miti inakauka mmoja mmoja bila sababu, basi hiyo iwe sifa ya kwanza kuichagulia kabla ya punje na maganda.

Muda ni mzunguko mmoja kwa mwaka kwa aina nyingi. Inamfaa mwenye subira, mwenye nafasi kidogo iliyo mbali na mbaazi za majirani.

Jinsi ya kuchagua bila kudanganywa na udongo

Kwa zao lolote utakaloshika. Mwaka 1961 mtafiti Gardner wa Nebraska alionyesha kwa mahindi jambo rahisi: gawanya shamba viwanja vidogo, chagua mashina bora ndani ya kila kiwanja, usichague bora wa shamba zima. Ukichagua kwa shamba zima utarudi na mashina yote ya ile kona iliyokuwa na banda la mbuzi zamani. Ukichagua kiwanja kwa kiwanja unalinganisha waliokula sahani moja.

Alafu mbegu za kila shina ziweke bahasha yake, usizichanganye. Msimu ujao kila bahasha iwe na mstari wake, na mistari hiyo irudie sehemu mbili ama tatu za shamba. Hapo ndo utajua shina lipi lilikuwa na jeni, kwa sababu wastani wa mstari mzima uliorudiwa hauyumbi kama shina moja. Kwa idadi ya maganda na mavuno hii ni lazima. Kwa ukubwa wa punje unaweza kuchagua tangu shina la kwanza.

Sasa ushike ipi

Kama hujawahi kuchagua mbegu na una kipande kidogo nyuma ya nyumba, anza na kunde za mchanganyiko, chagulia uzito wa punje na kuwahi maua, maganda uyaachie msimu wa pili ukishakuwa na mistari.

Kama unauza na mteja anataka punje za saizi moja rangi moja, pojo, lakini nunua aina tatu nne uzijaribu kwako kwanza badala ya kuchagua ndani ya moja. Kama una kikundi cha akina mama wa mtaa wanaoweza kugawana kazi, kila mmoja mistari yake na daftari lake, kunde na pojo zote mnaziweza na mtapata marudio mengi kuliko mtu mmoja.

Kama uko Mwakirunge ama upande wa Likoni penye nafasi, umezungukwa na minazi na miembe kuliko mbaazi za watu, na una miaka mitatu minne ya kungoja, shika mbaazi ya hapa hapa Pwani na chandarua. Kama umezungukwa na mbaazi za jirani kila upande, ongea nao mpande aina moja wote, la sivyo rudi kwa kunde.

Na kama unalima chini ya minazi yenye kivuli cha madoa madoa, popote ulipo, zao lolote, viwanja vyako vifanye vidogo zaidi, hata mita mbili kwa mbili, na ndani ya kila kimoja uchukue shina moja ama mawili tu.